Mtani Aliyeleta Sanda

Zipu ilikuwa imefika katikati. Kwa wiki nzima, msomaji, umemwacha Polikarp hapo: amepiga magoti nyuma ya spika, mkono wake uko kwenye mfuko wa gitaa la besi, na kitu cheupe kinachungulia kutoka ndani. Ukumbi wa Mjimwema umejaa. Watoto wa kipaimara wameketi mbele na mashada shingoni. Bendi inamsubiri yeye tu.

Aliivuta zipu hadi mwisho.

Gitaa lilikuwa limevikwa sanda.

Haikuwa shuka, wala kitambaa cha kufutia vumbi. Ilikuwa bafta nyeupe, mpya, imezungushwa kuanzia kichwa cha gitaa hadi chini na kufungwa mafundo matatu, kama anavyofungwa maiti.

Twaha, mwimbaji na kiongozi wa bendi, aliinama kutazama. Alisahau kwamba kipaza sauti kilikuwa wazi mkononi mwake.

"Lahaula!" alisema, na ukumbi mzima ukasikia.

Watu walisimama ili waone. Ndipo sauti ikatoka meza ya mbele.

"Mtani! Nimekununulia mapema. Ukifa msimu wa mvua, maduka yanaishiwa!"

Alikuwa Mathias, soda mkononi, tabasamu hadi masikioni. Ukumbi uliangua kicheko. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele. Hata katekista alitoa leso akafuta machozi.

Songea nzima inaijua sheria hii. Mngoni, kama Polikarp, na Mhehe ni watani. Babu zao walipigana, wajukuu wanatukanana. Mhehe anaweza kukuzika ukiwa hai, akakulilia mbele ya mkeo na kudai urithi wako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika hutozwa kuku.

Polikarp alicheka. Alicheka kwa meno tu.

Alifungua fundo la kwanza, kisha la pili. Ndani ya fundo la tatu vidole vyake viligusa kitu laini. Alikificha kiganjani kabla mtu hajaona, akageuka kuelekea ukutani, akafumbua mkono.

Ilikuwa soksi ya mtoto. Nyeupe, kisigino kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Emerensiana, mke wa Polikarp, ni fundi cherehani. Aliishona soksi hiyo jana yake jioni, sebuleni kwao, huku akilalamika kwamba uzi mweupe umemwishia. Ilikuwa soksi ya Leticia, binti yao wa pekee, mwanafunzi wa darasa la pili.

Sanda ilikuwa ya watu wote kucheka. Soksi ilikuwa ya Polikarp peke yake.

"Poli, tuanze," Twaha alinong'ona. "Watu wanasubiri."

Bendi ilianza. Watoto wa kipaimara walicheza. Polikarp alipiga nyimbo zote na hakusikia hata mmoja.

Tukumbushane jambo moja, kwani wiki ni ndefu. Polikarp ni shahidi. Bendi ilikuwa inarudi asubuhi kutoka kupiga Namtumbo, ikasimama njiani kununua mahindi ya kuchoma. Pankrasi, mpiga drams, alivuka barabara. Gari kubwa lilimgonga na halikusimama. Wengine waliona nyuma ya gari. Polikarp aliona uso wa dereva.

Dereva huyo, mtoto wa mfanyabiashara wa mbao, anapanda kizimbani Jumatatu asubuhi. Bila macho ya Polikarp, hakuna kesi.

Na Mathias alitokea lini? Alitokea makaburini, siku ya mazishi ya Pankrasi. Kabla jeneza halijashushwa, aliruka ndani ya kaburi, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Wafiwa walicheka katikati ya kilio, kama inavyotakiwa mtani anapofanya kazi yake. Polikarp mwenyewe ndiye aliyempa mkono kumtoa shimoni.

"Karibu, mtani," alimwambia.

Hakuna aliyemwuliza kwao ni wapi. Mtani haombwi kitambulisho. Hujulikana kwa mdomo wake. Tangu siku ile mlango wa Polikarp ulikuwa wazi kwa mtu huyo.

Wiki hii alikuwa kila mahali. Jumanne, kwenye mazoezi, alimsimamisha Polikarp na kumpima kwa kamba kutoka utosini hadi kisiginoni. "Nisije nikakosea jeneza," alisema. Wapiga vyombo walicheka. Alhamisi, bendi ilipopiga kwenye baa moja karibu na stendi, alituma bia jukwaani na ujumbe: "Ya mwisho hiyo, inywe taratibu." Walicheka tena. Polikarp naye alicheka, maana huo ndio utani.

Sasa alikuwa na soksi mfukoni.

Wakati wa mapumziko alitoka nyuma ya ukumbi, mahali palipokuwa na masufuria ya pilau. Mathias alimfuata.

"Mtani, mbona gitaa linalia leo? Limenusa udongo?"

"Uliingia nyumbani kwangu."

"Mlango wa mtani una kitasa?"

"Mathias, yule ni mtoto."

"Mtoto mzuri." Mathias alipiga funda la soda. "Akitoka shule anapita kwa yule mama wa vitumbua. Kisha anavuka barabara. Lakini hatazami pande zote, umemwona? Pankrasi naye hakutazama."

Wapishi wawili walipita na beseni la kachumbari. Papo hapo Mathias alipaza sauti.

"Basi mtani ukifa, gitaa nachukua mimi, na mke nachukua mimi!"

"Na mama mkwe umchukue!" mpishi mmoja alidakia. Wakaenda zao wakicheka.

Mathias aliwasubiri wapotee. Sauti yake ilishuka.

"Jumatatu bendi inapiga harusi Nakapanya. Nimewatafutia mimi. Gari langu litakupitia kesho saa kumi alasiri. Utapanda, shahidi?"

Aliondoka bila kusubiri jibu.

Polikarp alimkuta Twaha anakunja waya wa kipaza sauti.

"Twaha, Jumatatu sipo. Unajua nina mahakama."

"Nakapanya ni kwetu, Poli. Ndugu zangu wameshaambiwa. Harusi ya watu haisubiri."

"Tafuta mpiga besi mwingine."

"Hapana. Ni wewe." Twaha hakumtazama usoni. "Kesi huahirishwa. Waombe waahirishe."

Polikarp alitoa soksi. "Hii ilikuwa ndani ya sanda. Ni ya Leticia. Kama ingekuwa ya Nasrin wako, ungeniambia kesi huahirishwa?"

Waya ulimtoka Twaha mikononi. Nasrin ni binti yake mdogo, anayelelewa na bibi yake kule Nakapanya. Twaha aliinama, akaokota waya, akaanza kuukunja upya kutoka mwanzo.

"Panda gari kesho," alisema. "Wallahi, Poli, nakuomba. Panda."



Polikarp alifikiria kwenda polisi jioni ile. Angeeleza nini? Kwamba mtani amemtania mbele ya watu mia? Askari angecheka kabla hajashika kalamu.

Alikwenda nyumbani na kumweleza mkewe. Emerensiana aliitazama soksi, akaiweka kando ya cherehani. Kisha alichukua sanda.

"Simama, Baba Leticia."

Alisimama. Emerensiana aliinua kitambaa hadi utosini mwa mumewe na kukiachia. Kilifika kisiginoni, hakikuzidi, hakikupungua.

"Ile kamba ya Jumanne," alisema polepole. "Haikuwa mchezo."

"Mchukue mtoto mwende Mbinga kwa mama."

"Na wewe ubaki uvae hii? Siendi." Aliikunja sanda. "Kesho tumemwahidi mtoto Ruhila baada ya misa. Tutakwenda. Hapa ndani yule mtu ameshazoea kuingia. Kule kuna watu."

Jumapili walisali, kisha wakaenda bustani ya wanyama ya Ruhila. Leticia alikimbia mbele, sambusa mkononi. Wazazi wake hawakumtazama mnyama hata mmoja. Walitazama watu.

Mwanamume mwenye kofia alisimama nyuma yao muda mrefu. Polikarp alikunja ngumi. Mwanamume akavua kofia. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia, anatafuta kivuli. Polikarp alivuta pumzi.

Mbele yao, kwenye uzio wa swala, Leticia alipiga kelele ya furaha.

"Mjomba mtani!"

Mathias alikuwa ameegemea uzio, pakiti ya ubuyu mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mchumba. Mbona leo umevaa soksi mpya? Zile zenye uzi mwekundu umezipeleka wapi?"

Emerensiana alijipenyeza katikati yake na mtoto. Mdomo wake ulijisemea wenyewe. Kila asubuhi yeye hutupiana maneno na jirani yao Mhehe, Mama Ashura, yule muuza vitumbua. "Mama Ashura, nimemfungia mbwa wangu!" humwambia. Naye Mama Ashura hajawahi kukosa jibu: "Mfunge kwa mnyororo, kamba naitafuna! Jana nililala njaa!" Huo wa Wahehe kula mbwa ndio utani mkongwe kuliko wote kati yao na Wangoni.

"Shemeji," Emerensiana alisema, "umekuja kutazama au kuchagua? Pole, hapa mbwa hawafugwi."

Mathias alikunja uso. "Mbwa?"

"Ndiyo, mbwa. Au siku hizi mmehamia kwenye swala?"

"Sijakuelewa, mama. Mbwa nitamfanyia nini mimi?"

Polikarp na Emerensiana walitazamana. Mtoto wa Kihehe wa darasa la pili angejibu kabla hujafunga mdomo. Mtu huyu alijua kutukana tu. Hakujua kutukanwa.

"Wewe si Mhehe," Emerensiana alisema.

Tabasamu la Mathias lilizimika kama taa umeme unapokatika. Kisha alifanya jambo lililomtisha Polikarp kuliko sanda. Alizungumza kwa adabu.

"Ndugu Polikarp." Hakuwahi kumwita hivyo tangu makaburini. "Samahani kwa usumbufu wote. Naona tumemaliza kutaniana. Gari ni saa kumi. Ukipanda, mtoto atakwenda shule kesho kama kawaida. Siku njema, mama."

Alimpa Leticia ubuyu na kuondoka. Hakugeuka nyuma.

Emerensiana aliupokonya ubuyu na kuutupa. Leticia alilia. Polikarp alikuwa tayari na simu sikioni. Mpelelezi wa kesi alipokea mara moja, na safari hii hakukuwa na jambo la kucheka.

"Niko Tunduru kikazi," alisema. "Naanza safari sasa hivi, nitafika jioni. Usipande gari hilo. Na usikae peke yako, umenisikia? Jaza watu nyumbani."

Polikarp alikata simu. "Nijaze akina nani? Wenzangu wa bendi wako upande wa Twaha. Ndugu zangu wako shamba."

"Nani anaweza kuingia kwa mtu bila kualikwa," Emerensiana aliuliza, "na asiwepo wa kumfukuza?"

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Ashura.

Mama Ashura alisikiliza hadi mwisho, kijiko cha vitumbua mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hakutania. Aliepua karai lake la mafuta na kuzima jiko.

"Mtu ameazima kabila langu kumtishia mtani wangu?" alisema. "Polikarp ni wetu kumzika. Hazikwi na mwingine kabla yetu. Nenda nyumbani. Chemsha chai."

Kufikia saa tisa, uwanja wa nyumba ya Polikarp ulijaa. Wahehe wa Mjimwema walikuja na mikeka, ndoo na majembe, kama watu waendao msibani. Alikuja fundi pikipiki, alikuja nesi, alikuja mwalimu mstaafu na wanawe. Waliketi kuzunguka nyumba yote na kuanza kulia.

"Uwii, Polikarp! Umetuachia nani gitaa!"

"Alikuwa mbaya wa sura, lakini alikuwa wetu!"

"Mjane aolewe lini? Tuambieni, tuna kazi kesho!"

Marehemu aliketi katikati yao kwenye kiti cha plastiki, Leticia mapajani, kikombe cha chai mkononi. Alicheka, na safari hii kicheko kilitoka tumboni. Lakini kila gari lilipopita, alikatisha kicheko na kugeuka kutazama barabarani.

Saa kumi, Noah ya kijivu ilisimama mbele ya nyumba. Vioo vyake vilikuwa vyeusi.

Mathias alishuka. Alisikia kilio, akaona majembe, akasimama.

"Amekufa?" aliuliza.

"Amekufa!" Mama Ashura aliinuka na kumshika mkono. "Karibu, Mhehe mwenzetu! Tumekusikia. Wewe ni wa ukoo gani?"

Mathias aligeuka kuitazama Noah.

"Babu yako alizikwa wapi? Mama yako anapika nini? Umefiwa na mtani na hulii? Hebu lia kidogo, tujue kwenu mnaliaje."

Fundi pikipiki aliinuka. Nesi aliinuka. Mmoja baada ya mwingine walisimama na majembe yao, wakicheka, wakisogea, mpaka Mathias akawa ndani ya duara. Hakuna aliyemgusa. Kisha Mama Ashura alichukua sanda kutoka kwa Emerensiana na kumtupia mabegani.

"Tumepunguza urefu," alisema. "Sasa ni kipimo chako."

Uwanja ulilipuka kwa vicheko. Mathias alisimama katikati yao na sanda mabegani, na hakuwa na ruhusa ya kukasirika.

Hakukasirika.

Aliivua sanda, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka juu ya mkeka. Ndipo alipotabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Ruhila.

"Ndugu Polikarp," alisema, "mimi sikuja kukuchukua kwa nguvu. Nimemsindikiza mwenzako tu. Ana neno lake."

Duara lilimwachia njia. Alirudi kwenye Noah na kuvuta mlango wa pembeni.

Twaha alikuwa ndani, peke yake kwenye kiti cha nyuma, amevaa kanzu ya harusi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Twaha, shuka!" Polikarp aliita. "Watu wote hawa ni wetu. Shuka!"

Twaha alitikisa kichwa. Alinyoosha mkono nje ya mlango, akafumbua kiganja.

Juu yake kulikuwa na kiatu kidogo cha kijani. Emerensiana aliweka mkono mdomoni. Jozi hiyo aliinunua yeye mwenyewe kuwa zawadi ya Idi ya Nasrin.

"Nilikipata Jumanne, ndani ya sanduku la kipaza sauti," Twaha alisema. Sauti iliyojaza kumbi zote za Songea sasa haikufika hata kwenye mikeka. "Nilimpigia mama. Alisema mtoto anacheza nje na mgeni mmoja mcheshi. Si huyu, ni mwenzake. Tangu jana simu yake haipokelewi."

Vicheko vya watani vilikatika. Fundi pikipiki alishusha jembe.

"Wewe una uwanja umejaa watu, Poli. Kwetu Nakapanya ni bibi kizee na mtoto tu."

Mathias alishikilia mlango wazi, kama dereva mwenye adabu.

"Imebaki nafasi moja," alisema.

Polikarp aliitazama barabara ya Tunduru, ambako mpelelezi alikuwa bado yuko mbali. Alikitazama kiatu. Kisha alimshusha Leticia kutoka mapajani, akamweka mikononi mwa mama yake, na kuinuka.

"Mke wangu," alisema, "niletee gitaa."